Hakuna Kitambaa cha "Kwa Nini"

Siku ile mjinga alikuwa Lugendo. Hilo halina ubishi, na mwenyewe hulikubali hata mbele ya wakwe. Huomba kitu kimoja tu, asimuliwe mpaka mwisho, maana kuna watu wakishasikia neno mjinga huinuka na kikombe cha chai mkononi wakaenda kuuza nusu ya hadithi kwa bei ya nzima.

Lugendo alikuwa fundi cherehani katika nchi moja ambayo jina lake tutalihifadhi, kwa kuwa ina wanasheria wengi. Nchi ile haikuwa na bahari. Ilipakana na nchi kavu pande zote nne, na mtu akitaka kuonja maji ya chumvi ilimbidi alie. Lakini ilikuwa na Wizara ya Bahari, tena wizara ya kupigiwa mfano, kwani tangu iundwe haikuwahi kuzamisha hata mtumbwi. Kila mwaka ilipewa nishani ya usalama, na kila mwaka wizara nyingine ziliinunia.

Waziri wa Bahari, Mheshimiwa Bulugu, alimwita Lugendo ofisini ampime suti. Mheshimiwa alisimama katikati ya zulia mikono ameitanua, na Lugendo amepiga magoti na futi yake, pini sita katikati ya midomo.

"Fundi," Mheshimiwa alisema akitazama dari, "maneno yatatuua. Mwaka juzi Mkuu wa Nchi alisema mkutanoni, 'Suala la barabara tutalitazama.' Basi, kalimaliza, kashuka jukwaani. Mpaka leo watu wanakuja. 'Mmelitazama?' Tukawajibu tumelitazama. Wanauliza, 'Mkaona nini?' Sasa mtu mwenye akili timamu anauliza swali kama hilo?"

Fundi mwenye pini mdomoni hajawahi kumponza mtu. Lugendo alizichomoa zote sita, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake, na ujinga ukaanza hapo.

Alimwambia Waziri kwamba kabla ya cherehani alikuwa baharia miaka kumi na minane katika meli za mizigo za watu, na kazi yake ilikuwa kupandisha bendera za ishara. Nahodha Mgiriki, msaidizi wake Mfilipino, mpishi Mbengali, na meli ya mbele ya Wakorea. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake hata ya kuombea chumvi. Lakini kitambaa kikipanda, wote wameelewa.

"Ukipandisha chenye milia ya njano na nyekundu, Mheshimiwa, dunia nzima inajua nanga yako imeng'oka, unaiburuta. Hawakuulizi ni nanga gani, wala nani aliifunga."

"Hawaulizi?"

"Watauliza kwa kitu gani? Vitambaa viko arobaini tu, vya herufi, vya tarakimu na vingine vichache. Kila kimoja kina ujumbe wake umekamilika. Na katika vyote arobaini, hakuna kitambaa cha 'kwa nini'."

Tumbo la Mheshimiwa, lililokuwa likipumua taratibu ndani ya futi, likasimama. Lugendo akasoma inchi hamsini na moja, akaziandika kwa chaki.

"Rudia," alisema Waziri.

Na yule mjinga akarudia.

*

Sheria ya Mawasiliano Tulivu ilipita kabla suti haijatiwa vifungo. Mheshimiwa Bulugu aliiwasilisha kwa hotuba ya saa tatu na nusu kuhusu ubora wa kusema kwa ufupi.

"Waheshimiwa," alinguruma, "lugha ni nini? Lugha ni bomba lililopasuka. Unaziba hapa, linatoka pale. Neno huzaa neno, na neno lililozaliwa halifanani na baba yake. Lakini kitambaa, Waheshimiwa, kitambaa hakizai."

Walipiga makofi mpaka mmoja wao akaamka.

Tangu siku hiyo jambo lolote kati ya serikali na raia lilitakiwa kusemwa kwa bendera za meli. Raia kwa raia waliruhusiwa kuendelea na midomo yao, kwa kiasi. Kilikuwapo pia kifungu cha tisa, ambacho Mheshimiwa alikitunga mwenyewe na kukipenda kama kifungua mimba wake: mtumishi wa umma wa ngazi yoyote atakayemwambia raia jambo la kikazi kwa mdomo atahesabiwa amejiuzulu saa ileile, na aliye chini yake atakaimu nafasi.

Lugendo aliteuliwa Mshauri Mkuu wa Vitambaa. Cherehani yake haikulala. Milingoti ilisimikwa mbele ya kila ofisi, na kila ofisi ikachagua bendera ya kuifaa. Idara ya Kodi ilichagua ile isemayo, "Ninawaka moto na nina shehena ya hatari, kaa mbali nami." Wakubwa wanaopenda kulala baada ya chakula walipandisha, "Nina mzamiaji chini, pita mbali na polepole." Wizara ya Ujenzi ilichukua ile ya kuburuta nanga, ikaifunga kwa waya ili isisumbuke kuishusha. Wizara ya Elimu ilipandisha kwa makosa, "Mitambo yangu inarudisha chombo nyuma." Kosa liligunduliwa wiki ya pili, kikao kikakaa, kikaona hakuna haja ya kusahihisha.

Mke wa Lugendo aliitwa Nyamizi, mkunga wa zahanati ya mtaa wa Lamboni, mwanamke aliyekwisha kupokea nusu ya mtaa kwa mikono yake na hivyo hakumwogopa yeyote ndani yake. Jioni moja alimkuta mumewe kazama kwenye marundo ya rangi.

"Baba Kashinde, hebu nifundishe. Kitambaa cha 'pole' ni kipi?"

"Hakipo."

"Cha 'karibu ndani'?"

"Kipo cha 'kaa mbali nami'."

"Cha 'jana'?"

"Bendera haisemi jana, Mama Kashinde. Inasema sasa hivi, hapa hapa. Kama inawaka, inawaka."

"Na 'labda'?"

"Meli haina labda."

Nyamizi akaketi juu ya rundo la buluu. "Mgonjwa akija kwangu hanitajii ugonjwa, ananipa hadithi. 'Nesi, nilianza kuumwa ile siku ya msiba wa shangazi, nilikuwa nimekula kwa wifi.' Ugonjwa wenyewe uko humo ndani, kati ya shangazi na wifi. Sasa hiyo siku ya msiba wa shangazi utaipandisha kwa kamba ipi?"

"Ukiwa baharini huna shangazi."

"Ndiyo maana mlirudi mmekonda. Hiyo si lugha, baba. Hicho ni king'ora kilichovishwa nguo."

Lugendo alicheka, kwa sababu malipo ya serikali yalikuwa hayajachelewa bado.

*

Kati ya vitambaa arobaini, kilichopendwa kuliko vyote ni kile kirefu chembamba cha milia myekundu na myeupe, kibendera cha kujibia. Baharini, meli nyingine ikikupa ishara, unakipandisha kibendera hicho mpaka katikati ya kamba, maana yake nimeona. Unafungua kitabu, unasoma, na ukishaelewa unakipeleka mpaka juu kabisa. Hapo maana yake ni nimeelewa.

Watumishi wa nchi ile walikipokea kama mvua. Mwananchi akipandisha shida yake, ofisi inapandisha kibendera nusu. Imeona. Anarudi mwezi ujao, kibendera nusu. Baada ya miezi mitatu Wizara ya Ujenzi iligundua kwamba hakuna aliyewahi kukifikisha juu, ikaagiza milingoti mipya yenye kapi la kupitishia kamba katikati tu, ikaokoa kamba nyingi za taifa. Balozi wa nchi jirani alipita akaona nchi nzima ina kitambaa nusu mlingoti, akatuma rambirambi. Zilipokewa kwa kibendera nusu.

Sikukuu ya taifa ilipofika, ikawa zamu ya Mkuu wa Nchi kuhutubia. Lugendo aliulizwa ni mtindo gani wa bendera unaofaa sherehe kubwa. Akasema kweli: meli zikipambwa kwa sikukuu hutundika bendera zote, kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, kwa mpangilio maalumu uliobuniwa kwa makusudi ili zisiseme neno lolote.

"Lolote kabisa?" Katibu wa Wizara aliuliza kwa maandishi.

Lugendo akaandika chini yake: lolote.

Ilikuwa hotuba bora kuliko zote zilizowahi kutolewa. Ilikuwa na urefu wa mita mia mbili na kumi. Redio ya taifa iliitangaza moja kwa moja: "Sasa inapita ya njano, wananchi, inafuatwa na nyeupe yenye buluu, na hapa Mkuu wa Nchi anatabasamu." Watu walitoa machozi. Mchambuzi mmoja aliieleza siku tatu mfululizo, na siku ya tatu alitabiri kwamba bei ya sukari itashuka. Kinyozi wa mtaani akamvuta Lugendo pembeni.

"Fundi, wewe ndiye unayezijua. Hotuba ilisema nini?"

"Wewe ulisikiaje?"

"Kwamba mambo yatakuwa mazuri."

"Basi hivyo hivyo," alisema Lugendo. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, aliacha chai yake nusu kikombe.

*

Nchi yenye bendera nyingi za meli ikaona haya kukosa bandari. Bandari inahitaji maji na jengo. Maji yaliyokuwa karibu na mji yalikuwa lambo moja tu, la kunyweshea ng'ombe, na kando ya lambo palikuwa na jengo moja tu, zahanati ya Nyamizi. Wizara ikaamua zahanati iwe bandari.

Zahanati nyingine ilikuwa kilomita sabini kutoka pale, kwa njia ambayo Wizara ya Ujenzi ilikuwa ikiburuta nanga. Nyamizi alikuwa na wajawazito thelathini na mmoja katika daftari lake, na wa ishirini na tisa alikuwa Kashinde, binti yake na Lugendo, mimba ya miezi tisa iliyokaa vibaya.

"Kilomita sabini," Nyamizi alimwambia mumewe, "mwanao hafiki. Na akifika, hatafika yeye tu. Nitakuwa nimefika na mimi kukulaumu."

Alipandisha kitambaa cha buluu chenye nyeupe na nyekundu katikati, "Nahitaji msaada wa tabibu." Ng'ambo ya barabara Wizara ikapandisha kibendera nusu. Kilikaa pale siku tisa.

Siku ya kumi Lugendo aliitwa kuipanua suti ya Mheshimiwa. Hili lilikuwa jambo la mshono, tena kati ya mtumishi na mtumishi, kwa hiyo midomo iliruhusiwa. Alipiga magoti, akabana pini zake sita.

"Kesho tunawahamisha wale wa zahanati," Mheshimiwa alisema akitazama dari ileile. "Nimechagua kitambaa mwenyewe. Cha buluu, chenye mraba mweupe katikati, kizuri sana. Kijitabu chetu kinasema, 'karibu kuondoka'. Kifupi, cha heshima. Kinafaa?"

Kijitabu cha serikali kilichapwa kwenye karatasi nyembamba, na maneno ya mwanzo yaliyozidi upana wa ukurasa yalikatwa ili kupendezesha. Lugendo alilijua hilo. Alijua pia maneno yaliyokatwa. Pini ya kwanza ilimchoma ulimi kidogo, kama inayomkumbusha.

"Mmh," alisema.

"Kinafaa, siyo?"

"Mmh," alisema tena, akaongeza inchi mbili kiunoni.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alitoa kwenye sanduku kitabu chake cha baharini, kile kinene chenye madoa ya grisi, akamwonyesha mkewe.

"Soma kwa sauti," alisema Nyamizi.

"'Watu wote warudi chomboni, chombo kiko karibu kuondoka.'"

"Soma tena pale mwanzo."

"'Watu wote warudi chomboni.'"

"Wote?"

"Wote. Hakibagui."

"Na chombo ni kipi?"

"Ni pale mlingoti uliposimama."

Nyamizi akavaa kanga yake ya kutokea, aupashe mtaa habari. "Leo, Baba Kashinde," alisema, "hukuwa mjinga sana."

*

Saa mbili asubuhi askari wa Wizara alipandisha kitambaa cha buluu chenye mraba mweupe kwenye mlingoti wa zahanati. Wanawake thelathini na mmoja waliokuwa wamekaa nje na kadi zao za kliniki waliinuka kwa utulivu, wakakung'uta kanga, wakaingia ndani. Wakwe zao waliingia nao. Masufuria ya uji yakafuata.

Wizara ilitazama kwa darubini, ikadhani kitambaa ni kidogo. Ikatuma kikubwa. Kiliposimama juu, mtaa wa pili ukaja na mikeka. Wizara ikaagiza cha tatu, kikubwa kama shuka ya kitanda cha watu wawili, na kinyozi akaingia na kiti chake, mwalimu akaingia na darasa la nne, wachungaji wakauliza kama ng'ombe nao ni watu wote. Askari mwenyewe, mtu mtiifu, aliomba kitabu cha Lugendo, akasoma mstari mzima kwa kidole, akafunga kamba vizuri, akavua kofia na kuingia.

Saa nne ilifika gari la Waziri. Mheshimiwa Bulugu alishuka na suti mpya, nyuma yake Katibu mwenye daftari na Lugendo aliyebeba sanduku la vitambaa arobaini. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelowa hadi viwiko. Nyuma ya pazia Kashinde alikuwa ameshashikwa na uchungu.

Mheshimiwa alitabasamu kwa raia, akanyoosha kidole sandukuni. Lugendo akapandisha alichoonyeshwa, cha njano na nyeusi, "Simamisha chombo chako mara moja." Watu wakatulia kimya, kila mtu alipokuwa. Mheshimiwa akajifuta jasho, akachagua kingine. Hiki kilikuwa kile cha Idara ya Kodi, "Ninawaka moto, kaa mbali nami." Mlangoni walimtazama kwa huruma, wakasogea ndani zaidi.

"Nenda ukamwambie," Mheshimiwa alimnong'oneza Lugendo, kwa kuwa Lugendo alikuwa mtumishi na si raia. "Ni mkeo."

"Nikimwambia nimejiuzulu, Mheshimiwa. Kifungu cha tisa."

"Basi nishonee kitambaa cha 'tokeni'. Sasa hivi. Cherehani italetwa."

"Kitambaa kipya hadi meli zote duniani zikubali. Tuanze na Wagiriki?"

Nyamizi akavuta kamba ya pembeni. Kibendera cha milia myekundu na myeupe kikapanda mpaka katikati, kikasimama. Serikali imeonekana.

Mheshimiwa aliinama sandukuni mwenyewe. Alivipekua vitambaa vyote arobaini, akavitupa nyasini kimoja kimoja, vya herufi na vya tarakimu, mpaka akagusa mbao. Lugendo alikijua alichokuwa akikitafuta Mheshimiwa kabla hajainuka.

"Nilikwambia siku ile, Mheshimiwa," alisema polepole. "Hakipo."

Hapo ndipo nyuma ya pazia ilipotoka sauti moja kali, ya mtu asiye na kibali, asiyejua sheria wala herufi moja. Ndani wakapiga vigelegele. Mtoto wa kike, mzima, na Kashinde mzima. Katibu alifunua kijitabu cha sheria upesi atafute sauti ile inaangukia kifungu gani, asikione.

Basi Mheshimiwa Bulugu akashindwa. Alivuta pumzi mpaka kifungo cha juu kikaruka, akaenda hadi kizingitini, na mbele ya mtaa mzima akafungua mdomo.

"Kwa nini hamtoki?"

Katibu, ambaye kwa kifungu kile ndiye angekaimu, alitazama saa yake, akaandika. Kisha akapita nyuma ya gari, akaketi kiti cha Waziri, akapandisha kioo.

"Nimeuliza," Mheshimiwa alisema tena, kwa sauti iliyoshuka, "kwa nini hamtoki?"

Nyamizi alijifuta mikono kwa pembe ya kanga, kidole kwa kidole.

"Ulipokuwa na bendera ulituambia tuingie, tukaingia," alisema. "Sasa huna bendera, kaka, una shida kama sisi. Foleni inaanzia kule nyuma, baada ya yule mama mwenye kikapu."